Spana Namba Kumi na Saba

Shemeji yangu, mke wa marehemu kaka, anauza kabichi ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana yangu ya baiskeli. Sokoni wote humwita Mama Kabichi. Vijana wa siku hizi hawajui kwamba ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Hawajui kwa sababu yangu, na naandika haya uso ukiniwaka kwa aibu.

Kwaya ilianzia kwenye ghala la nafaka, kila Jumanne soko likishafungwa. Fundi cherehani alituongoza, mwenye bucha alishika besi, na sote tulipiga chafya kwa vumbi la pumba. Kinanda hatukuwa nacho. Sauti ya kuanzia tuliipata kwenye spana yangu kubwa, namba ishirini na nne: naining'iniza kwa uzi, naigonga kwa msumari, inalia, wenzangu wanaipokea. Kazi hiyo ilinivimbisha kichwa. Kuimba kwenyewe nilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta, lakini bila mimi hakuna aliyefungua mdomo.

Siku ya mashindano nilifungua mfuko nikakuta spana haimo. Nilikuwa nimemwazima mteja nikasahau. Iliyokuwemo ni namba kumi na saba, ndogo. Ningesema tu! Fundi cherehani angekuna kichwa, angekisia, tungeimba. Lakini mtu mzima mimi niliona haya kukiri mbele ya watu, nikaigonga hiyo hiyo. Ikalia juu mno.

Ubeti wa kwanza tulijikaza. Wa pili mishipa ya shingo ilitutoka. Wa tatu shemeji alitakiwa kupanda peke yake. Akapanda, sauti ikamkatika katikati, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Tulipokuwa tukirudi, ndani ya lori, kila mtu alikuwa na lake. Mwenye bucha alidai ndiyo matokeo ya kunadi kabichi kutwa. Walipouliza na mimi naonaje, nikajibu kwamba labda shemeji alikuwa amechoka. Kaka alikuwa ameketi kando ya mkewe, akaniangalia kama anayenishukuru kwa kumtetea. Jumanne iliyofuata shemeji hakuja ghalani, na hakuja tena.

Hiyo ni miaka kumi na minane iliyopita. Mwaka huu kwaya inatimiza thelathini, nikaombwa niandike historia yake kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Nilipofika kwenye mashindano nikaandika: "Sauti ya kwanza ilitukwamisha." Niliandika hivyo kwa kalamu mpya, huku namwona dirishani akipanga kabichi zake.

Hapo nilijichukia. Nikavuka barabara na daftari mkononi, nikamweleza yote, mfuko, spana na maneno yangu ya kwenye lori. Hakuacha kubandua majani yaliyonyauka.

"Nilijua, shemeji," alisema. "Spana zako nazisikia kila siku. Ulipoigonga tu, nilijua siyo yenyewe."

Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Ningekuumbua mbele ya kaka yako. Nikasema ngoja, atasema mwenyewe." Akaiweka kabichi juu ya zile nyingine. "Nilidhani itachukua kama wiki moja hivi."

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nikamwomba radhi, akaniambia radhi ameipokea, ila ukweli niende nikauseme ghalani walipo wenzangu.

Jumanne nilisoma ukurasa mpya mbele ya wote, naye ameketi mstari wa mbele na kanga yake ya kazini. Mwenye bucha aliinamisha kichwa. Fundi cherehani, mzee sasa, alimsihi shemeji asimame atuimbie ubeti ule wa tatu. Akasimama. Nikaining'iniza namba ishirini na nne, nikaigonga.

Aliusikiliza mlio mpaka ukaisha wote.

"Ndiyo hii," alisema, kisha akaketi bila kuimba.