Siku Bwana Kifundo Alipogeuka Zambarau

Jumanne ya tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, mbele ya wageni waliokuja kununua vitambaa, msimamizi wa kiwanda chetu aligeuka rangi.

Sisemi alikasirika. Nasema aligeuka rangi. Zambarau. Viganja, vidole, masikio, upara wote.

Ndiyo siku mambo yote yalipoharibika. Na aliyeyaharibu ndiye huyu anayewaandikia.

Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande, lisukumeni wenyewe.

Mimi ni mtu wa rangi. Nimekoroga mapipa ya kiwanda kile mpaka jina langu likapotea, wakaniita Mzee Rangi. Mke wangu alikuwa chumba cha pasi, tumetenganishwa na ukuta tu.

Nasema alikuwa.

Siku alipoanguka pale kazini tuliomba gari la kiwanda limpeleke hospitali. Gari halikuwepo. Lilikuwa limempeleka mbwa wa Bosi wa Juu kwa daktari.

Mbwa alipona.

Basi msiniulize kwa nini nikitaja wakubwa mate yananiwia machungu.

Tulibaki wawili, mimi na binti yetu. Akachukuliwa chumba kile kile cha pasi, kwa majaribio. Mwisho wa mwezi msimamizi ndiye angesema abaki au aende. Kifua changu mimi kimeshachoka na mvuke wa mapipa. Binti akikosa ile kazi, jiko letu linazimika. Ndivyo tulivyokuwa tumekaa.

Siku moja napita pale, namwona amevaa koti langu la baridi juu ya aproni. Jasho linamtoka kama bomba limepasuka.

"We mtoto, unaumwa?"

"Hapana, baba."

"Koti la nini?"

"Nasikia baridi."

Baridi! Chumba kimejaa pasi za mvuke, humo hata nzi anavua shati.

Nikamtafuta Mama Pasi, mkubwa wa wanawake wa chumba kile. Mdomo wake hauna breki.

"Mzee Rangi, wewe ni mtu au pipa?" akaniuliza. "Hujui mambo ya Bwana Kifundo?"

Bwana Kifundo ndiye msimamizi. Tulimpa jina hilo wenyewe. Kiwandani kuna sheria: kamba za aproni zifungwe nyuma, kifundo kibane, zisije zikanaswa na mashine. Sheria nzuri tu. Ila bwana huyu alijipa kazi ya kukagua vifundo kwa mkono.

Vya wanawake.

Sisi wanaume tunavaa aproni zile zile. Sikumbuki hata siku moja amenishika mgongo akaniuliza kama nimebana.

"Anakuja nyuma yako umeshika pasi ya moto, huwezi kugeuka," Mama Pasi akasema. "Anaanza kwenye kifundo. Halafu mkono unashuka kutafuta kifundo kingine ambacho hakipo."

"Na binti yangu?"

"Amemwambia avue hilo koti. Asipovua, mwisho wa mwezi akae nyumbani."

Akaniangalia kidogo, sauti ikapungua.

"Marehemu mkeo alikuwa anafunga aproni mbele. Kila siku anakaripiwa, kila siku anafunga mbele. Ulidhani ni mtindo?"

Nilikaa juu ya pipa.

Msidhani hawakushtaki. Walikwenda kwa ofisa wa wafanyakazi, bwana mmoja anayeongea polepole kama anabembeleza mtoto alale. Tulimwita Mpole. Mpole akawakalisha, akawapa maji, akawapa pole nyingi.

"Dada zangu, mimi nawaamini kabisa," akasema. "Lakini nileteeni ushahidi unaoonekana kwa macho."

Unaoonekana kwa macho!

Nikajisemea, kama shida ni kuonekana, mimi miaka yote hii nafanya kazi gani?

Kuna rangi moja kule stoo. Ikiwa kavu ni vumbi la kijani kizito. Ukilipaka kwenye kitambaa cheusi hulioni hata uvae miwani miwili. Lakini likigusa jasho, weee! Zambarau ya kupiga kelele. Ukinawa ndiyo unaimwagilia, kadiri unavyosugua ndivyo inavyokolea. Iliwahi kunipata puani, wiki nzima watoto wa mtaani wakaniita Mbilingani.

Na aproni zetu ni nyeusi.

Nikamwita Mama Pasi nyuma ya mapipa, nikamweleza. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Na sisi tusigeuke?"

"Napaka nyuma tu, kwenye kamba na chini yake. Mtavalishana kwa glovu. Msikae, msijikune."

"Hata mgongo ukiwasha?"

"Uache uwashe."

Binti yangu aliposikia alikataa. Alikuwa anaosha vyombo, hakunigeukia.

"Baba, wakijua ni wewe tunafukuzwa wote wawili. Tutakula rangi?"

"Na ukivua koti?"

Sahani iliyokwisha kuwa safi akaichukua, akaiosha tena.

Kisha akasema, "Ipake nyingi."

Jumanne ikafika. Wanawake wa pasi wamesimama wima kama wanapigwa picha. Hakuna anayeegemea meza. Binti yangu hana koti. Mimi niko mlangoni na toroli la vitambaa, najifanya gurudumu limegoma.

Bwana Kifundo akaingia anapiga mluzi.

"Leo kuna wageni! Nataka vifundo vya uhakika!"

"Karibu mkaguzi," Mama Pasi akamjibu, uso mkavu. "Leo tumevibana kwa ajili yako."

Akaanza mstari. Alipofika kwa binti yangu akachelewa. Nililishika toroli kwa mikono yote miwili, nisije nikashika kitu kingine.

"Ahaa, leo koti limevuliwa," akamwambia. "Unaona unavyopendeza ukiwa msikivu?"

"Nimesikia, bwana," binti akajibu, pasi inaendelea kwenda na kurudi.

Haukupita muda Mpole akatuma mtu. Dada mmoja kati ya walioshtaki aende ofisini akamalizie maelezo. Akaenda. Dada mwingine, mwembamba, tunamwita Sindano, akapanda ghorofani na koti la Bosi wa Juu, maana koti lake hupigwa pasi kwetu kila asubuhi.

Sikuyatilia maanani. Macho yangu yalikuwa kwa Kifundo tu.

Nikamwona anatazama viganja vyake. Akavisugua kwenye suruali. Akavitazama tena. Akatoka mbio kwenda bombani.

Ndugu zangu, nilimfuata na toroli langu, nikasimama mbali kidogo. Anasugua na sabuni, rangi inacheka. Akaona maji hayatoshi, akafungulia mpaka mwisho. Jasho la hofu likamshuka, akajifuta usoni. Akajifuta na upara.

Hapo nikageuka ukutani, nikauma kofia yangu.

Kengele ikalia. Wote uwanjani, wageni wamefika. Mbele amesimama Bosi wa Juu, na pembeni yake mgeni mkubwa, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Kifundo akaja mwisho, mikono nyuma, ila kichwa huwezi kukiweka nyuma.

Yule mama akashtuka. "Bwana, umeumia?"

"Ni... ni rangi tu, mama. Ajali."

"Hajaumia!" Mama Pasi akapaza sauti toka katikati ya watu. "Katoka kukagua vifundo!"

Wanawake wa pasi wakapasuka kicheko. Wakageuka wote kwa pamoja, wakamwonyesha mgeni migongo.

"Vifundo gani?" mgeni akauliza.

Binti yangu akatoka mbele. Sikumtuma. Sauti yake haikutetemeka.

"Hivi vya nyuma, mama. Hii rangi iko nyuma ya aproni zetu na kwingine hakuna. Aliyegeuka zambarau aseme mkono wake ulifuata nini."

Uwanja ukaanza kunguruma. Kifundo akarudi hatua nyuma.

Ndipo Mpole akajitokeza kutuliza mambo. Ile sauti yake ya kubembeleza.

"Tafadhali, jamani, tulieni, haya tutayamaliza ndani..."

Na akainua mikono yote miwili juu, kama mtu anavyofanya akituliza umati.

Zambarau.

Mikono yote miwili!

Mimi mwenyewe niliyepaka nilibaki nimeduwaa. Yule dada aliyeitwa ofisini akaanza kulia, halafu kilio kikageuka hasira.

"Aliniambia nimwonyeshe nilivyoshikwa. Kisha akasema hajaelewa, turudie!"

Kumbe hata kule walikokuwa wakikimbilia kushtaki, walikuwa wanakwenda kukaguliwa upya. Na mimi na akili zangu zote nilikuwa nimetega panya mmoja.

Mgeni akamgeukia Bosi wa Juu. "Mkurugenzi, unasemaje?"

Akasema, tena kwa ukali. Kiwanda chake hakivumilii uchafu. Wawili hawa waondoke leo leo. Dada wote wa pasi kazi zao ziko salama, waliokuwa kwenye majaribio waandikwe kabisa. Watu wakashangilia. Nikamwona binti yangu ameziba uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Jiko letu halitazimika. Nikatamani mama yake angekuwepo aone.

Ndiyo maana sikuona kitu. Mama Pasi ndiye aliyenisukuma kwa kiwiko.

"Mzee Rangi. Aproni ya Sindano uliipaka?"

"Nilizipaka zote. Kwani nini?"

"Mtazame Bosi."

Nikamtazama. Jua linatuchoma, yeye amevaa koti lake lililotoka kupigwa pasi, hotuba yote hiyo mikono iko mfukoni. Mgeni alipompa mkono wa kuagana, akainamisha kichwa. Katibu wake akaleta karatasi za kuwafukuza wale wawili.

"Nisainie wewe," Bosi akamwambia.

Siku ya pili nikafukuzwa mimi. Kosa: kutumia rangi ya kiwanda bila ruhusa. Barua aliniletea katibu.

"Nataka kumwona mwenyewe," nikasema.

"Bosi ana mafua, haonani na mtu."

Aliporudi kazini baada ya siku kadhaa alikuwa amevaa glovu. Eti ngozi yake haipatani na vumbi.

Sasa niko nyumbani. Nakohoa, napika, namsubiri binti atoke kazini. Ananiletea habari, ananiita Mbilingani, tunacheka. Aproni anafunga nyuma, tena kwa kifundo kikubwa, na hakuna mtu anayekuja kukikagua.

Funzo langu mtalichukua kama lilivyo. Mkubwa akikudai ushahidi unaoonekana, mpe. Ila siku ukiupata, usikimbilie kutazama mkono ule uliokuwa unauwinda tu. Tazama mikono yote, hasa ya anayekupa pole, na hasa ya anayefukuza wenzake.

Sindano tumemuuliza mara nyingi ilikuwaje kule ghorofani. Hataki kusema. Anabonyeza pasi kwa nguvu, anasema, "Muulizeni yeye."

Basi namuuliza hapa, mbele yenu, maana najua anasoma haya kwenye simu, na akitaka kunijibu itabidi avue glovu.

Bosi, jua lile, umati ule, mgeni amekunyooshea mkono: mikono yako ilikuwa inafanya nini mfukoni?