Seli Zilizokuwa Zinakufa

Nilipoanza kazi ya maabara Mbeya, seli zangu zilikuwa zinakufa. Zilikuwa seli za figo, tunazootesha kwenye visahani vya plastiki, na kazi yangu ilikuwa kuziingizia kipande cha DNA cha kuzifanya zing'ae kijani. Siku ya kuziwekea zilikuwa nzima. Kesho yake nazikuta zimejikunja, zinaelea kama makapi ya mpunga.

Mkuu wetu wa maabara, mama wa Kihehe, alikuwa amekwenda Iringa kumzika shangazi yake. Aliporudi alipitiliza kutoka stendi hadi maabara, begi mkononi. Nilimpa pole ya msiba, kisha nikamweleza shida yangu. Nikasema labda DNA ni mbovu, au umeme ulikatika joto likashuka.

"Tusitafute mchawi, mwanangu," alisema. "Tuziulize zenyewe."

Akanipangia visahani vinne. Kimoja tusikiguse. Kingine tuweke DNA peke yake. Cha tatu tuweke ile dawa ya mafuta inayoipitisha DNA kwenye utando wa seli, bila DNA. Cha nne vyote viwili. Nilikuwa nimehangaika wiki nzima bila kuwaza hivyo.

Asubuhi nilitoka nyumbani Ilomba kwa baridi, nikamkuta ameshainamia hadubini. Kile tulichokiacha na chenye DNA peke yake vilikuwa vizima. Vyenye dawa vimekufa vyote viwili.

"Umeme ungeua zote," alisema. "Na DNA haina kosa. Ulizipanda nyingi kiasi gani?"

Nilizipanda chache, zimeachana, kama maelekezo ya dawa yalivyosema.

"Waliyaandika kwa seli ngumu kuliko hizi. Hizi zikiwa chache, kila moja inabeba dawa nyingi mno."

Basi tukapanda nyingine, tukasubiri zisongamane, tukapunguza dawa nusu, na baada ya saa chache tukazibadilishia yale majimaji ya chakula chake ili dawa isikae nazo muda mrefu. Nimefanya kazi na watu wengi wenye akili tangu hapo. Wenye subira kama aliyokuwa nayo yeye, akiwa bado na majonzi ya mazishi, ni wachache.

Kesho yake alinipisha nitazame kwanza. Kijani kilikuwa kimetapakaa kila upande. Naye akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Pale pembeni bado kuna zilizokufa," alisema. "Tupunguze tena kidogo."

Akavua glavu, akaniita tukanywe chai.