Mzazi wa Jumamosi

Nilimwambia mama kwamba mkutano wa wazazi ni Jumamosi. Ulikuwa Ijumaa. Sikukosea, sikusahau, wala sikuwa na malaria kichwani. Nilimdanganya nikiwa mzima, nimeshiba viazi, namtazama usoni.

Ngoja nieleze kabla hujanichapa.

Shuleni kwetu, juu kidogo ya Nanyala, mkutano wa wazazi si wa kukaa. Mzazi anakuja na jembe au ndoo, maana maneno yakiisha anafyatua matofali ya nyumba ya mwalimu. Nyumba hiyo ilianzwa nikiwa darasa la nne. Sasa niko la saba na kuta bado zinanifika kiunoni. Tunaambiwa shule ni yetu, kwa hiyo sisi tunalima shamba la shule, wazazi wanafyatua matofali ya shule, halafu mwalimu mkuu anatukataza kuiba mahindi ya shule, ambayo ni yetu. Hapo ndipo hesabu inaponishinda.

Lakini kazi haikunitisha. Kilichonitisha ni kile kinachotangulia kazi. Wazazi husimama mmoja mmoja mbele ya shule nzima. Mzazi anasalimu, anasema yeye ni mzazi wa nani, kisha anamuuliza mwalimu mkuu swali lolote juu ya mtoto wake. Na shule nzima ilikuwa inamjua mama yangu bila kuwahi kumwona. Mimi ndiye niliyewajulisha.

Mimi ni mchekeshaji. Sijisifu, ndiyo nafasi iliyobaki darasani kwa mtu ambaye mpira hauwezi na mbio hana. Namwiga mwalimu mkuu akipiga chafya. Namwiga mwenyekiti wa kijiji akisoma barua aliyoishika kichwa chini. Lakini kinachowamaliza kabisa ni mama kwenye foleni ya sabuni.

Nyumbani tunazungumza Kinyiha, na kwa Kinyiha mama yangu hana mpinzani. Amewahi kumnyamazisha mwenyekiti huyohuyo kwa kuinua mkono tu. Ila akifika duka la kijiji, ambako muuzaji ni mtu wa mkoa mwingine na Kinyiha hakijui, anabadilika. Sauti inapanda, inakuwa nyembamba kama ya mtoto. Anakunja magoti, anapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, pwa, pwa, pwa, kama tunavyowaamkia wakubwa huku kwetu, halafu anasema, "Mzee wangu wa dukani, mimi mtu wa shamba tu, unisamehe kwanza." Anaomba msamaha hata sabuni hajaitaja.

Mara ya kwanza niliifanya tukipalilia shamba la shule. Watu walikaa chini katikati ya mahindi, wanalia kwa kucheka. Tangu siku hiyo nikipita tu, mtu anapiga makofi: pwa, pwa, pwa. "Unisamehe kwanza!" Sikuwaambia ni mama yangu. Nilisema ni mama mmoja tu nilimwona dukani.

Miaka ya nyuma mkutanoni alikuwa akija mjomba. Baba alivuka mpaka pale Tunduma kwenda kwenye migodi ya shaba nikiwa mdogo. Barua zikaja, halafu zikaacha kuja. Serikali ilipotuhamishia kijijini, ndugu wengine walipangiwa kwingine, tukabaki na mjomba. Mwaka huu naye amehamia Msangano kulima. Nyumba ikabaki ya watu wawili, mmoja anasema sana na mwingine anapukuchua mahindi.

Mama akasema atakwenda mwenyewe. Wiki nzima alikuwa akijizoeza swali lake, huku anapukuchua. Ananiuliza kwa Kinyiha, "Nikisema hivi ni sawa?" kisha kwa ile sauti nyembamba: "Mwalimu, huyu mtoto wangu ataweza kuendelea na masomo?" Mimi ndiye niliyekuwa namsahihisha. Nilimsahihisha vizuri tu. Alipolijua bila kusitasita, nikamwambia mkutano ni Jumamosi.

Ijumaa wazazi walijaa. Mama mmoja aliposimama na kupiga makofi ya kuamkia, mstari mzima wa darasa la saba ulinigeukia mimi, watu wamebana pua wasicheke. Mtoto wake alikuwa amesimama mbele yangu. Niliona shingo yake tu. Haikugeuka.

"Wa kwenu yuko wapi?" mwalimu mkuu akaniuliza.

"Mgongo unamsumbua, mwalimu. Amenituma nije niwe mzazi wangu mwenyewe."

Wakacheka. Hata yeye alicheka kidogo. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jumamosi asubuhi mama alivaa kitenge ambacho hukaa sandukuni. Viatu vya plastiki alivishika mkononi asivichafue njiani, jembe begani, ndoo kichwani.

"Huji?" akaniuliza.

"Jino, mama."

Akaenda peke yake. Nikamfuata kwa nyuma, ndani ya mibuni, nikijiambia kwamba atakuta hakuna mtu, atarudi, na mambo yataisha hapo.

Akakuta hakuna mtu. Alivaa viatu mbele ya ofisi. Akazunguka madarasa yote, akichungulia kila dirisha kama mtu aliyepoteza mbuzi. Kisha akakaa kwenye ngazi, jembe mapajani, akasubiri. Nilikuwa mbali naye hatua chache tu, kama kutoka kitandani kwangu hadi jikoni. Ningetoka ningesema nini? Nina utani wa kila kitu, jamani, lakini wa pale sikuwa nao. Jua lilipanda hadi likaniingia kwenye mibuni, na yeye bado amenyoosha mgongo, kama vile shule nzima iko mbele yake inamsikiliza.

Mwishowe mwalimu mkuu alitoka nyumbani kwake na fulana, taulo shingoni. Mama akasimama, akamwendea hadi ng'ambo ya uwanja, akakunja magoti, akapiga makofi. Alimwamkia. Sauti yake nyembamba ilinifikia, maneno hayakunifika. Mwalimu akaonyesha kwa kidole matofali ya jana, safu kwa safu. Mama akayatazama kwa muda mrefu. Nadhani hapo ndipo alipojua.

Kwenye bustani ya shule, mwanafunzi mmoja wa darasa letu alikuwa zamu, anamwagilia kabichi. Alipoisikia ile sauti aliweka ndoo chini. Akapiga makofi: pwa, pwa, pwa.

"Unisamehe kwanza!" akapaza sauti, anacheka mpaka ameinama. "Kumbe huyu mama yupo kweli! Jamaa hakumtunga!"

Si mtoto mbaya. Alifikiri ni furaha ya wote.

Mwalimu mkuu alimkemea, mtoto akakimbia na ndoo yake. Mama hakugeuka kumtazama. Alirudi akavua viatu, akavipanga kwenye ngazi, akakaza kitenge, akaomba kalibu ya mbao ya kufyatulia. Akachota maji mwenyewe, akachimba mwenyewe, akaingia kwenye tope kulikanyaga.

Hapo nikatoka. Nilivua shati, nikaingia kwenye tope upande wa pili. Hakuniuliza kuhusu jino. Tulikanyaga. Nilijaribu kusema kwamba kwa mwendo huu nyumba ya mwalimu itaisha akiwa amestaafu. Utani ulianguka kwenye tope, nikaukanyaga pamoja nalo.

Safu yetu ilikaa peke yake, mbali kidogo na za jana, ikiwa bado nyeusi kwa maji wakati zile zimeanza kukauka. Mwalimu mkuu alikuja kuikagua.

"Umefanya vizuri, mama. Jana kila mzazi aliuliza swali. Wewe una swali lolote kuhusu kijana?"

Nilimwangalia. Wiki nzima ile. Nilikuwa nalijua neno kwa neno, ningeweza kulisema mimi.

"Hapana, mwalimu," alisema mama. "Matofali tu."

Tuliteremka mtoni chini ya shule kunawa. Alikaa juu ya jiwe akisugua tope katikati ya vidole vya miguu, taratibu, kimoja kimoja. Nilisimama kwenye maji, nikaanza kuomba msamaha kwa Kinyiha. Sikufika mbali. Aliinua mkono, nikanyamaza kama mwenyekiti.

Kisha akasema kwa Kiswahili, ambacho hatukuwahi kukitumia sisi wawili, na sauti haikuwa nyembamba hata kidogo:

"Wenzako wote wamesikia. Mimi tu ndiye bado. Haya, niige, na mimi nicheke."