Aliyempokea Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike alipopiga simu kutoka Buffalo, tulikuwa hatujasemezana miaka mitatu, tangu aliponiambia kwamba amefunga ndoa na mwanamke. Nilikuwa nyumbani Okolona, ndiyo kwanza nimetoka kazini kwenye makao ya wazee.

"Yaya, nina kivimbe kwenye titi," alisema, akiniita dada mkubwa kama tulivyozoea kwetu. "Donc, basi, nilienda kwa daktari. Kwenye fomu niliandika jina la mke wangu, wa kuitwa nikizidiwa. Daktari akasoma, akafunga faili. Akasema dhamiri yake haimruhusu kunihudumia."

"Akakutuma kwa nani?"

"Hakunituma kwa mtu."

Nilitaka kumtukana yule daktari, nikakumbuka nilichofanya mimi mwenyewe. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimemwomba msimamizi anibadilishie mzee wa kiume niliyekuwa nikimwogesha, baada ya kujua kwamba mwanamume aliyekuja kumlisha kila mchana ni mume wake. Nilitumia neno lile lile, dhamiri, nikakubaliwa. Yule mzee hakuacha kunisalimu.

Huko Columbus, kati ya kwangu na kwake, nilimjua daktari mmoja Mkenya, mama niliyewahi kuimba naye kwaya. Nilimpigia, nikamweleza yote bila kuficha, nikangoja mahubiri.

"Dada, mlete Ijumaa," alisema. "Nitamwona mwenyewe."

Mimi niliendesha gari kwa saa tatu, wao kwa saa tano. Mke wa mdogo wangu, mwenyeji wa Buffalo, ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alishuka na macho mekundu ya uchovu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, yaya," alisema, kwa Kiswahili alichofundishwa na mdogo wangu. Niliona haya. Miaka mitatu yeye ndiye aliyemtunza mtoto wa mama yangu.

Daktari alitoka mwenyewe hadi mapokezi, akaisoma fomu mpya aliyoijaza mdogo wangu, sisi tukimtazama. Alipofika kwenye lile jina, kidole chake kilisimama. "Hii namba ya simu ni saba au moja?" aliuliza. Ni saba. Akaiandika upya vizuri, akawaambia waingie wote wawili. Mimi nilibaki kwenye kiti, nikalia kimya kimya nikimshukuru yule mama.

Walichukua kipande cha nyama kwa sindano, tukaambiwa tusubiri wiki. Katika wiki hiyo nilimwendea msimamizi, nikaomba nirudishiwe yule mzee. Mume wake alinieleza kwamba hupenda maji ya moto kidogo, na aanziwe miguuni. Nilifanya hivyo. Mzee alifumba macho, akaniambia nina mikono mizuri. Nikamwomba msamaha, naye akasema alishasahau, ingawa nadhani hakusahau.

Alhamisi simu ililia. "Yaya, siyo kansa!"

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakasikia. Kisha nikamwambia mdogo wangu anipe shemeji yangu, nizungumze naye.