Glasi Zimefungwa kwa Riwaya Yangu

Jamani, riwaya yangu yote imefungiwa glasi, na glasi ziko ndani ya kontena.

Sicheki. Bado.

Ni riwaya ya mke anayemsubiri mumewe miaka saba. Nyumba inauzwa, watoto wanaugua, naye hakati tamaa. Nimeiandika kwa mkono mwaka mzima, hapa hapa dukani kwetu ugenini, Xiaobei. Jana nikazichana kurasa kutoka daftarini nizipige picha, nikaziacha mezani.

Leo asubuhi shoga yangu Mwanaidi, ninayefunga naye mizigo, akaishiwa karatasi za kufungia glasi. Akaziona kurasa zangu zimejaa mikwaruzo ya kalamu, akadhani takataka, akafungia glasi zote.

Nimekimbia hadi godauni. Kontena limeshapigwa sili, linakwenda bandarini Nansha. "Meiyou," bosi Mchina wa godauni akanipungia mkono. Hakuna namna.

Mwanaidi analia! Nikamwambia nyamaza wewe, mke niliyemwandika kavumilia miaka saba, mimi nishindwe na mwezi mmoja wa meli?

Nikampigia mume wangu, ndiye anayepokea mzigo Kariakoo. Miaka minne tunaishi mbalimbali, na hajawahi kunisomea hata ukurasa. "Mapenzi ya kwenye karatasi hayo," husema.

Leo sikumbembeleza. Nikamwambia kila glasi aifungue taratibu, kila karatasi ainyooshe, azipange zote kwa namba. Ikipotea moja, nakuja mwenyewe.

Nikamsikia anapekuapekua mezani.

Nyie mngedhani nini? Mimi nilijua anatafuta kisingizio.

"Sasa mama Nuru," akasema, "kisa kinaanzia kwenye glasi ipi?"