Pini ya Baiskeli ya Baba

Baba alipofariki aliacha koti, kofia, redio na baiskeli. Koti, kofia na redio nusura tuvikose. Msibani, mtani wake wa Kasense, mfugaji ambaye watu wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka kaskazini magharibi, alivaa koti, akatia kofia kichwani na redio kwapani, akatangaza kwamba marehemu amefufuka na anadai ugali. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Ndivyo watani walivyo: wananyakua vitu vya marehemu, na mwenye msiba lazima avikomboe kwa kuku au kwa chochote watakachokubali. Tena hawakasirikiwi. Anayemkasirikia mtani msibani amejiaibisha mwenyewe.

Baba mdogo ndiye aliyeshika mambo ya ukoo, akakomboa koti kwa jogoo, kofia kwa kibuyu cha pombe na redio kwa jogoo mwingine. Siku ya kumaliza matanga vyote vitatu vilipata wenyewe bila maneno. Baiskeli ndiyo iliyoleta kikao.

Baba mdogo alitaka iende Mwimbi, kwa mtoto wa kiume wa marehemu baba mkubwa. Hoja yake ilikuwa fupi: baiskeli ni chombo cha mwanamume. Nikamuuliza, kwa adabu kidogo niliyokuwa nayo asubuhi ile, ni mwanamume gani aliyekuwa akiipanda tangu baba aanze kuugua. Alikuwa anajua. Ni mimi niliyekuwa nikifunga gunia la maharage kwenye keria na kulileta sokoni Sumbawanga, na kwa baiskeli hiyo mimi na mama tulikula. Wazee wakatazama chini. Nina hasira za karibu, na kikaoni hazijapata kunisaidia. Ikaamuliwa kwamba baiskeli ibaki kwetu Mazwi "kwa muda".

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ambayo jana yalikuwa na chumvi na viberiti, leo yalining'iniza matairi mapya mlangoni, na mitumba ilitandazwa mpaka ukingoni mwa barabara. Mwenye duka moja la vipuri, labda kwa kuwa alikuwa na mzigo mkubwa wa kuuza, akatangaza mbio za baiskeli: kutoka mjini, kuvuka uwanda, kushuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa mpaka kijiji cha kwanza bondeni, kisha kupanda na kurudi. Wanawake hawakukatazwa. Nadhani hakuna aliyewaza kwamba angetokea mmoja.

Nilijiandikisha, na habari zikamfikia baba mdogo kabla sijafika nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia unataka kushindana na wanaume Lyamba."

"Sishindani na mtu. Naenda na kurudi."

Akaizunguka baiskeli mara moja, mikono nyuma. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa mtu wa neno lake, na neno likishamtoka halirudi.

"Haya," akasema, mama akiwa mlangoni anasikia. "Ukirudi umeipanda, ni yako na sitaisema tena. Ukirudi unaikokota, inakwenda Mwimbi."

Tangu hapo sikulala vizuri. Niliikagua baiskeli kila siku. Breki zilikuwa nzima, mnyororo nikautia mafuta, matairi nikayabonyeza kama mtu anayechagua parachichi. Kitu kimoja tu kilinisumbua: tangu msiba ilikuwa imeanza kugonga. Ko, ko, kila mguu wangu wa kulia ukishuka. Niliitia mafuta tena, ikagonga tena. Mwishowe nikajiambia kwamba inamlilia mwenyewe, nikaiacha. Nitakuwa mkweli, nilikuwa nimeizoea sauti ile. Mimi sikuwa nimelia msibani, nilikuwa na kazi ya kupika na kupokea watu, halafu machozi yakapitwa na wakati wake. Nikaona afadhali baiskeli ilie badala yangu.

Siku ya mbio upepo ulikuwa mkali na baridi ya Ufipa ilikuwa ileile. Wenzangu walikuwa wameng'oa keria na madigadi ili wawe wepesi. Yangu ilikuwa na keria yake kubwa, aliyoifunga baba kwa waya, na kiazi cha kuchemsha cha njiani nimekifunga juu yake kwenye kitambaa.

"Dada, mbona umesahau gunia?" mmoja akauliza, watu wakaangua kicheko.

"Nitakubeba wewe wakati wa kurudi," nikamjibu.

Uwandani waliniacha wote. Nilikanyaga taratibu kati ya matuta ya mahindi na ya maharage, ko, ko, sina haraka. Nilipofika ukingoni pa Lyamba, bonde lote likiwa chini yangu na ukungu wake, nikashuka nikakata tawi lenye majani mengi na kulifunga nyuma ya keria kwa mpira wa tyubu. Baba alinifundisha hivyo: mteremko ule haushukwi kwa breki peke yake, tawi likiburuta ardhini ndilo linaloishika baiskeli. Vijana wa mjini hawakuyajua hayo. Niliwapita wawili wakiwa wamekaa kando, wanapuliza breki zilizochemka, na mwingine alikuwa anajitoa kwenye mtaro akiwa na goti la damu. Yule wa gunia alikuwa mmojawapo. Sikusema kitu, nililiacha tawi limpulizie vumbi.

Bondeni joto lilitupokea, nikanywa maji, wasimamizi wakanitia alama ya wino mkononi, nikageuka. Kupanda Lyamba kila mtu hukokota, hata bingwa, kwa hiyo huko sikukuhesabu. Nilipofika juu nikafungua tawi, nikalitupa, nikapanda baiskeli. Nilikuwa nimebakiza uwanda tu. Nilifurahi, nakumbuka vizuri, niliona hata uso wa baba mdogo utakavyokuwa. Nikasimama juu ya pedeli ya kulia ili ianze mwendo.

Kitu kikakatika. Pedeli ikazunguka ovyo na mimi nikaketi kwenye majani.

Kuna pini fupi nene ya chuma inayoshika mkono wa pedeli. Ya upande wa mnyororo ikitoka, utakanyaga mpaka jua lizame na gurudumu lisisogee. Nilipotazama mahali pa pini nikakuta kipande cha msumari. Msumari wa kupigilia bati, umefungiwa kibati uenee, na sasa umekatika katikati. Nilikitazama nisiamini. Baba asingetia msumari kwenye baiskeli yake, angelala njaa kwanza.

Nikachonga kijiti, kikavunjika kabla sijapita mita chache. Nikachonga kingine. Waliokuwa nyuma yangu wakanipita mmoja mmoja, kila mmoja akinipa pole, na hakuna aliyekuwa na pini. Palipokuwa na kimteremko nilikaa nikateleza, kilipokwisha nikashuka nikakokota. Njiani nilimkasirikia aliyetia msumari, nikaikasirikia baiskeli, na hatimaye nikamkasirikia baba kwa kufa. Hasira hiyo ya mwisho ndiyo iliyodumu mpaka mjini.

Watu walikuwa wameanza kutawanyika. Baba mdogo alikuwa bado amesimama, mikono nyuma.

"Umeikokota," akasema.

"Nimeikokota, baba."

"Haya." Hakufurahi, nilimwona. Lakini akaushika usukani, na mimi nikauachia.

Hapo ndipo nikasikia kicheko ninachokijua. Mtani wa Kasense alikuwa anakuja kutoka upande wa duka, fimbo begani, na shingoni alikuwa na uzi. Mwisho wa uzi palikuwa na pini.

"Jamani watu wagumu hawa!" akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Tangu msibani nimevaa kipini hiki kama hirizi, nangoja wenyewe waje kukomboa. Nimewaachia msumari ili wajue haraka. Kumbe wanapanda na msumari!"

Watu wakacheka. Damu ilinipanda kichwani, lakini mtani hakasirikiwi, nikameza. Baba mdogo akanyoosha mkono mmoja.

"Lete, mtani," akasema. "Jogoo utapata."

"Wewe? Wewe ulikomboa koti, ukakomboa kofia, ukakomboa redio. Baiskeli hukuigusa. Jogoo wako nimekwisha kuwala." Akanigeukia mimi, uso umetulia. "Na wewe je? Hukuisikia?"

"Niliisikia," nikasema. "Ilikuwa inagonga kila siku. Nilidhani inamlilia baba."

Mtani akavua uzi shingoni.

"Basi mwenye msiba wa baiskeli ni huyu. Leta chochote, mtani wangu, nimechoka kungoja."

Sikuwa na kitu ila kile kiazi. Nikamkunjulia kitambaa, akakila palepale, akasema kimepoa na wapishi wa kwetu ni walewale wavivu. Kisha akaniwekea pini mkononi. Baba mdogo alikuwa ameshika usukani bado. Kulikataa neno la mtani kuhusu msiba, tena mbele za watu, asingeweza, na sidhani kama alitaka. Akainama, akaushika mkono wa pedeli usicheze.

"Gonga," akaniambia.

Nikaokota jiwe nikaigonga pini mpaka ikakaa. Akajaribu kuutikisa, haukutikisika. Akauachia usukani.

"Panda, mwanangu. Nenda nayo nyumbani."

Nikapanda. Nilipita sokoni, nikapita kanisani, nikaingia njia ya kwetu Mazwi, nasikiliza mguu wa kulia kila unaposhuka. Baiskeli ilikuwa imenyamaza kabisa. Kabla sijafika mlangoni kwa mama nilishuka, nikaiegemeza kwenye ua, nikamlilia baba.