Katibu Yuko Jikoni

Mimi ni mtu wa kuuliza. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nitawauliza malaika maswali kabla hawajaniuliza wao, na wala sikumbishia. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anakaa ukuta kwa ukuta na Tekla pale Iyunga, yeye na cherehani yake, mimi na vitenge vyangu, halafu hajui kwa nini jirani yake anajitesa na kile chama chake. Nilikuwa siponi.

"Si chama, mama Hamza," alikuwa akinisahihisha. "Ni umoja."

Haya, umoja. Umoja wa Jasho ndilo jina lake, na Tekla ndiye katibu. Wamo wakulima wa mpunga wa kwao Idodi kule Iringa, wachimbaji wadogo wa Chunya, na mafundi na wabeba mizigo wa hapa Mbeya. Ukiwapanga wote kwenye ukumbi wa harusi, viti vinabaki. Wanaitana ndugu, mkubwa kwa mdogo. Wanasema mali hutoka kwa anayefanya kazi, basi na irudi kwake. Wanasema mkulima asilazimishwe kuuza lumbesa, yaani gunia lililopachikwa kilemba juu huku yeye analipwa gunia la kawaida. Wanasema mchimbaji asifukuzwe shimoni siku dhahabu inapoonekana. Mimi ni mtu wa duka, maneno hayo hunitia wasiwasi kidogo. Nikamwambia Tekla, "Mama Isaka, huo ujamaa si ulishazikwa?"

Alikuwa anatunga uzi sindanoni. Hakuinua hata macho. "Wewe ulihudhuria mazishi?"

Nilicheka hadi mteja wangu akaondoka.

Lakini kila mwaka mkutano wao mkuu ukikaribia nilikuwa namwonea huruma. Simu sikioni, mguu kwenye cherehani. Mara ukumbi umekataliwa, mara watu wa Chunya wamegoma kwa sababu ajenda imetumwa kwa sauti kwenye simu na huko mtandao haushiki. Bibi harusi mtarajiwa kakaa kwenye benchi anasubiri gauni la sendoff, na Tekla anabishana na mtu wa Iringa kuhusu sufuria za kuazima. Mshahara hana. Posho hana. Nikimuuliza anapata nini, anatabasamu tu, na mimi mtu akinitabasamia badala ya kunijibu nakasirika.

Mwaka huu ndipo aliponijibu. Alisema alipokuja Mbeya, mjane, alishona kwenye karakana ya tajiri mmoja kwa cherehani aliyoinunua yeye mwenyewe Tekla. Akaugua, akakaa nyumbani, na aliporudi tajiri akaifungia cherehani stoo na kumwambia aende zake. Ukoo wa mume ulikuwa umeshamsahau. Waliokuja kukaa langoni kutwa nzima walikuwa watu wa Umoja, wachimbaji na vumbi lao la Chunya, hata jina lake hawalijui. Hawakutukana, hawakurusha jiwe. Walikaa tu mpaka cherehani ikatoka.

"Hao ndio watu pekee duniani wanaoniita ndugu," akasema. "Na safari hii wanaweza kuondoka."

Ndipo akanieleza habari za Sosthenes. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu wa Iringa, msemaji hodari, tai shingoni hata akienda sokoni. Chama kimoja kikubwa cha siasa kilikuwa kimemwahidi kumsimamisha udiwani, ila aende na watu wake. Basi angetoa hoja mkutanoni kwamba Umoja uvunjwe, wote wahamie huko. Wanachama wa Iringa ni wengi, na mkutano wa mwaka huu ulikuwa kwao. "Wakikubali, hakuna Umoja tena," Tekla akasema. "Njoo uone mwenyewe, uache kunichosha na maswali."

Nani wa kuniambia mara mbili? Nilifunga duka.

Iringa mwezi wa sita ni baridi ya kutafuna mifupa. Asubuhi ya mkutano nilijifunga khanga juu ya sweta, nikaketi nyuma ya ukumbi wa kuazima pale Kihesa, macho yakimtafuta Tekla mbele. Mbele hakuna mtu. Meza kuu hakuna, kitambaa hakuna, maua hakuna, mgeni rasmi hakuna! Jamani, mimi nimezaliwa Tanzania, sijawahi kuona hata kikao cha wazazi wa shule kisicho na mgeni rasmi. Kikao kilikuwa kinaongozwa na dada mmoja wa makamo, Goodness, mbeba mizigo wa sokoni Mbeya, aliyechaguliwa kwa siku hiyo tu.

"Katibu yuko wapi?" nikamnong'oneza jirani yangu, Idrisa, mchimbaji wa Chunya, ambaye ndiye aliyechinja mbuzi wa chakula cha mkutano, kwa hiyo na sisi Waislamu tulikuwa na amani.

"Jikoni."

"Mwenyekiti?"

"Jikoni."

Nikadhani ananitania. Kumbe ndiyo kanuni yao. Siku ya mkutano mkuu viongozi wote wanapika na kupakua, na hawakanyagi ukumbini mpaka mwanachama wa mwisho ameshiba. Eti watu waseme ya moyoni bila kutazamwa usoni, na kiongozi asisahau moshi. Nikauliza ni nani aliyeleta wazo hilo la ajabu. Idrisa akanitazama kama ninayeuliza jua linachomoza wapi. "Si ndugu Tekla."

Loo! Nikasonya kwa nguvu, watu wakageuka. Mwanamke huyu amejifungia nje mwenyewe, kwa mkono wake.

Na Sosthenes alilijua hilo. Alisimama mapema, akavuta koti, akaanza. Alisema kwa utaratibu, alisema vizuri, lazima niwe mkweli. Sisi ni wadogo. Tunakaa langoni, tunarudi nyumbani. Huko tutakuwa na nguvu, tutakuwa na sauti, tutakuwa na diwani. Niliona vichwa vya Iringa vikitikisika kukubali, na vya Mbeya navyo vimeanza.

Nikashindwa kukaa. Nikatoka mbio hadi nyuma ya ukumbi. Moshi ulikuwa mzito. Aroni, mwenyekiti, mwanamume wa shimoni mwenye mikono kama koleo, alikuwa anamenya vitunguu. Mweka hazina, Tupokigwe wa Tukuyu, anachochea kuni. Tekla amesimama juu ya sufuria la wali, mwiko mkononi.

"Mama Isaka, wanakuvunjia Umoja huko! Njoo useme!"

Aliuacha mwiko. Alivua aproni, akaenda mpaka mlango wa nyuma wa ukumbi, akashika kitasa. Sauti ya Sosthenes ilikuwa inasikika. Mimi moyoni nasema, ingia, ingia mama. Akasimama pale. Halafu akageuka, na uso wake ulikuwa umekunjamana kama mtu anayeumwa jino.

"Siwezi."

"Huwezi nini? Kanuni si yako?"

"Ndiyo maana siwezi! Nikiingia leo kwa sababu nina hofu, mwakani nani atakaa jikoni? Kila mtu ana hofu yake." Akarudi kwenye wali. "Toka, mama Hamza, usije ukaniungulishia chakula cha watu."

Nilikasirika, wallahi. Nilirudi ukumbini nikikanyaga sakafu kwa vishindo.

Hapo ndipo mama mmoja wa Idodi aliponyoosha mkono. Mama Esta, mkulima wa mpunga, mfupi, mtandio hadi kwenye nyusi. Hakusimama hata. "Ndugu Sosthenes, kamwene," akamsalimu kwa Kihehe. "Mimi nina swali dogo. Huko tunakokwenda, viongozi watapika?"

Watu wakacheka. Sosthenes naye akacheka, akasema kwa upole, "Mama yangu, huko wapo wapishi."

"Na viongozi watakaa wapi?"

"Meza kuu, mama, kama ilivyo kawaida."

"Sisi je?"

"Kwenye viti, kama hivi."

"Sasa nikitaka kumsema kiongozi, nitamsema na yeye kanikodolea macho?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Sosthenes akafungua mdomo, akasema kuna utaratibu, kuna vikao, kuna ngazi. Kadiri alivyoeleza, ndivyo watu walivyozidi kuinamisha vichwa wakiwaza. Goodness akasema inatosha, tunyooshe mikono. Wanaotaka kuhama, wakanyoosha wachache, wengine nusu mkono. Wanaotaka kubaki, ukumbi mzima ukawa mikono. Mimi mgeni nikaukamata wangu kwa nguvu usinyanyuke.

Nikataka kukimbia kumwambia Tekla, lakini Mama Esta hakuwa amemaliza.

"Ila Sosthenes amesema kweli moja. Tumelala. Katibu wetu amechoka, miaka yote ni yeye. Na huyu anajua kusema. Mimi napendekeza yeye awe katibu."

Astaghfirullah! Nilitaka kumrukia yule mama. Lakini kumbe wengi walikuwa wanawaza hivyo hivyo. Wakanyoosha mikono tena, wa Mbeya na wa Iringa, hata Idrisa wangu. Hakuna aliyemtukana Tekla. Walisema apumzike. Sosthenes akasimama, akafunga kifungo cha koti, uso umeng'aa, akasema anapokea kwa unyenyekevu.

"Ahsante, ndugu katibu," Goodness akasema. "Jikoni."

Alidhani ni utani. Alipoona kila mtu anamngoja, alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akatoka.

Muda kidogo Tekla akaingia, mikono inanuka moshi, akakaa pembeni yangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujisumbua kuyafuta.

"Umoja upo," nikamwambia. "Lakini wewe wamekutoa."

"Sosthenes ameniambia."

"Inauma?"

"Inauma sana, mama Hamza. Usinifariji."

Nikanyamaza, na kwangu hiyo ni kazi. Mbele mchimbaji mmoja alikuwa ameanza kueleza habari za shimo walilonyang'anywa, anajikanganya, anarudi nyuma, anaanza tena. Tekla akajivuta ukingoni mwa kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha mwingine, kisha mwingine, mdomo wazi kama mtoto.

"Tangu tuweke ile kanuni," akaninong'oneza, "sijawahi kuwasikia wakiongea. Nilikuwa naletewa habari tu."

Akanyoosha mkono.

"Ndugu Tekla, subiri," Goodness akamwambia kutoka mbele. "Wapo wengine kabla yako."

Tekla akaushusha mkono, akauweka mapajani, akasubiri zamu yake.